Mariamu, Zena Sikumtabiria

Mariamu mwanangu,

Baba yako nakusalimia. Anayeandika ni kaka yako Musa, mimi nasema tu, na nimemkataza asinirekebishe.

Unanijua. Kinyangiri nzima hajatokea wa kutabiri mimba kama mimi. Mama akipita tu na ndoo nasema huyu dume, huyu jike, na nikikosea, basi mtoto ndiye kakosea. Wewe ulipovimba uso na miguu nilicheka, nikasema mapacha, nikachagua na majina mawili. Ukaniambia, "Baba, kichwa kinaniuma." Nikakujibu wanagombania nafasi humo ndani. Ukacheka, mama. Uliniamini. Kesho yake degedege ikakushika, na... Musa, hapo weka nukta.

Tangu tukuzike nimekuwa mwanafunzi. Siku za kliniki nakaa kwenye benchi la zahanati na akina mama, mwanaume peke yangu, nesi anafundisha dalili za hatari. Wananiuliza mimba yangu ina miezi mingapi. Nawaambia imezidi ya tembo.

Juzi asubuhi Zena, mke wa Musa, kaja na mimba yake na ndoo ya maji, uso umemvimba. Wote uani wakanigeukia, wanasubiri. Naye anatabasamu: "Baba, mimi hunitabirii?"

Nikamuuliza kama kichwa kinauma. Akatazama chini. "Tangu jana. Na macho yana ukungu, ila sikutaka kusumbua."

Shangazi yenu akasema apumzike, mimba ndivyo zilivyo. Nikamwambia anyamaze. Tukapanda pikipiki ya Musa watatu, Zena katikati, nimemshika kama gunia la alizeti, mpaka kituo cha afya. Njia nzima namwongelesha, akinyamaza namfinya. Presha ikakutwa juu sana. Wakamwingiza, mlango ukafungwa. Nilikaa palepale mlangoni.

Jana mchana kajifungua. Mtoto wa kike, mdogo mno, lakini kilio anacho. Presha ya mama yake bado wanaipima, inashuka. Nesi akaniuliza, "Mzee, dalili hizi nani kakufundisha?" Nilikuwa na majibu kumi ya kujisifu.

Nikasema, "Binti yangu."

Pumzika sasa, mama. Nakuahidi, mjamzito yeyote atakayepita mbele yangu nitamuuliza habari ya kichwa kwanza, hata aniite mzee mwenye wazimu.

Baba yako.