Hana Kiu, Eti!

Grace, uko wapi?? Fausta mfinyanzi kamwaibisha Ezron, yule muuza vyungu, sokoni Chapwa, watu wote wanaona!

Si Ezron ndiye aliyekuwa anampa Fausta unga wa betri mbovu za magari apake vyungu ving'ae? Sasa tumbo linamkata Fausta, vidole vinamtetemeka. Jana daktari kamwambia ni sumu ya ule unga.

Leo kamfuata. Ezron akacheka: "Sumu gani? Uvivu tu huo."

Fausta akachukua chungu pale pale mezani kwa Ezron, akakijaza maji.

"Kunywa."

Ezron akarudi nyuma.

"Kunywa, Ezron!"

Eti hana kiu. Saa saba mchana, jasho linamtiririka, HANA KIU!

Fausta kavuta kigoda, kakaa. Kila mteja akifika anamwambia, "Mwambie mwenye mali anywe kwanza."

Ezron hajauza hata chungu kimoja. Na Fausta hajanyanyuka.