Paulin Ameinua Mkono

Jumatano, 4 Juni

Saa kumi na moja kasoro tano nimemketisha mama kwenye kiti, mto mgongoni, simu mbele yake juu ya cherehani. Zamu ya Paulin imeanza jana. Siku kumi na nne juu ya mlima, jangwani, kule Chile – anapika na kupeleka chakula kwa mafundi wa observatoire. Si ya volcano kama yetu hapa. Ya nyota. Antene kubwa nyeupe, kama sahani zilizogeuziwa mbinguni, zinasikiliza. Ndiyo maana simu zote zinafungiwa chini kambini mpaka zamu iishe. Mawimbi yake yanavuruga kazi. Lakini kuna kamera, na mtu yeyote duniani mwenye mega za internet anaweza kutazama. Picha moja kila dakika. Kwa hiyo mdogo wangu hapungi mkono. Anauinua na kuushikilia juu dakika mbili nzima, kama mtu anayeapa mahakamani mbele ya juge, ili picha isimkose.

Ametokea! Koti la rangi ya machungwa, yeye mwenyewe mdogo kama punje ya mahindi. Uso hauonekani. Mama ameinua mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima. Tangu ugonjwa wa mwaka jana amebakiwa na maneno matatu, manne. Leo ametumia moja: "Amekonda."

Amekonda! Kwa kutazama punje ya mahindi!

Ijumaa, 6 Juni

Courant hakuna tangu asubuhi. Simu nimeipeleka ichajiwe kwa mama Louise, jirani, ana panneau solaire, ya jua. Nimechelewa kuifuata, nikarudi mbio. Tumekuta mkono bado uko juu. Mama Louise alinifuata ili atazame naye. Anasema angekuwa mtoto wake angemwambia arudi. Arudi vipi? Kiwanja cha ndege kimefungwa tangu vita iingie mjini, na sisi tulio hapa kila siku tunaulizana twende wapi.

Nimeshona kola nane za uniforme. Mbili zimepinda.

Jumapili, 8 Juni

Mama hakula. Uji umetoka pembeni mwa mdomo. Saa kumi na moja amefungua macho kwa ajili ya Paulin, akayafunga tena. Infirmier alipita kumpima baada ya misa: tension ya damu iko juu sana. Alipokuwa anasema alinitazama mimi, hakumtazama mama.

Jumatatu, 9 Juni

Nyeupe. Picha yote nyeupe. Kule sasa ni majira ya baridi. Theluji imeanguka ikafunika jicho la kamera. Nimengoja dakika ishirini, picha ishirini, zote kama karatasi isiyoandikwa. Mama anatazama tu.

Halafu nimefanya kitu. Nakiandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia. Nimefungua kamera nyingine, ya observatoire iliyo kwenye mlima mwingine wa jangwa lilelile. Jua kali, mawe mekundu, nyumba ya duara, hakuna mtu. Nikamwambia: "Mama, ona, ni pale kwa Paulin. Iko ndani, anakula."

Ametazama kwa muda mrefu. Kisha akageuza uso ukutani.

Alijua.

Jumanne, 10 Juni

Mama ametutoka. Saa tisa na nusu mchana. Simu sikuifungua.

Alhamisi, 12 Juni

Tumemzika, njia ya Kibati. Vijana walianza alfajiri kupasua mawe ya volcano kwa vyuma, na bado kaburi halikwenda chini sana. Wadogo zake mama walioko Butembo hawakuweza kufika. Wamelia kwa simu, kwa Kinande, na baba mudogo Védaste ameishikilia simu juu ya jeneza mpaka sauti ikakatika.

Baadaye kikao, nyumbani. Baba mudogo amesema Paulin asiambiwe mpaka ashuke Jumatatu. Nikasema nina namba ya bureau ya kazi yake, imeandikwa kwenye kalenda. Wangemfikishia habari leo hii.

"Umesahau kifo ya baba yenu?"

Sijasahau. Paulin alikuwa Brazil, kwenye ujenzi. Alipopewa habari aliweka chini ndoo ya sementi akaanza kutembea. Walimpata siku ya pili, kando ya barabara kubwa, bila viatu.

"Kule juu ni jangwa, na baridi yake inaua," baba mudogo amesema. "Atatembea tena. Nani atamutafuta? Tungoje ashuke. Kwanza tutaita Aubin, ule anakaa naye nyumba moja kule Chile. Aubin amushike, ndiyo tumuambie."

Wote wamekubali. Na mimi. Nimetikisa kichwa kama wengine.

Ijumaa, 13 Juni

Sikutaka kufungua. Nimefungua.

Kamera imesafishwa. Mkono uko juu. Dakika mbili. Tatu. Leo amesimama nne – anafidia siku za theluji, ninamjua. Chumbani wanawake wa kilio wanasali rozari. Kiti cha mama kimetolewa nje, kinakaliwa na wageni. Nikifunga simu, ni kama namwacha amesimama peke yake pale. Nisipofunga, namdanganya. Ataniuliza: yaya, mimi mdogo wako, ulinitazama siku ngapi ukijua?

Jumamosi, 14 Juni

Amesimama. Upepo ni mkali: kwenye picha ya kwanza ana kofia, kwenye ya pili hana. Mkono haukushuka kuifuata.

Nimeitoa kalenda ukutani. Nimesoma namba ile ya bureau mara mbili, kwa sauti. Nimeirudisha.

Jumapili, 15 Juni

Leo mama angetimiza miaka septante. Katika kilio hiki hakuna aliyekumbuka, hata mimi. Nimekumbushwa na jangwa.

Saa kumi na moja, picha ya kwanza: hakuna mtu. Ya pili: watu saba! Wapishi, madereva, mmoja ana aproni juu ya koti, mwingine amevaa kofia ya mafundi. Wamejipanga mbele ya antene, mikono juu. Paulin yuko katikati, mkono mmoja juu, na kwa mwingine amekamata ncha ya kitambaa cha meza. Mwenzake amekamata ncha ya pili. Herufi nyekundu, kubwa, labda ni sosi ya nyanya: MAMA 70. Picha tano, na mikono bado iko juu. Watu wasiotujua! Katika baridi ile!

Mama Louise amenikuta jikoni nimejikunja. Nikamwonyesha. Amekaa chini, palepale kwenye sakafu.

"Rosine," amesema, "munamutendea vibaya ule mutoto."

Ni kweli.

Jumatatu, 16 Juni

Baba mudogo amefika saa nane ili amwahi Aubin. Gari la zamu linafika chini kambini, wanaporudishiwa simu, saa tatu asubuhi ya kwao, saa tisa mchana ya kwetu. Aubin hapokei. Amempigia mara sita. Labda yuko kazini, labda amelala.

Saa tisa na dakika kumi simu yangu imelia. Paulin. Baba mudogo amenifanyia ishara kwa kiganja: usipokee, ngoja. Ikaisha. Ikalia tena. Kiganja tena.

Sasa ametuma sauti. Nimeisikilizia jikoni, imebanwa sikioni. Anacheka, anahema, kuna kelele za watu ndani ya gari. "Yaya, mulituona? Wote walikubali, hata chef! Mama alisema nini? Pokea basi. Umupe mama simu. Usimuhangaishe aseme, mimi nimusikie tu anapumua."

Nimerudi chumbani. Nimemsikilizisha baba mudogo. Naandika ili mikono ifanye kitu. Aubin bado hapokei. Simu inalia juu ya cherehani, inatetemeka, inajisogeza yenyewe kuelekea ukingoni. Baba mudogo ameinama, ameficha uso kwenye kofia yake.

Hakuna anayenikataza tena.