Barua ya Ajira kutoka Geti la Tatu

Tarehe 19 Februari

Mwanangu Mwalimu,

Natumaini unaendelea vizuri, na koo lako lililochakazwa na chaki limepona. Mimi sijambo; masikio tu ndiyo yamegoma kabisa kusikia simu, kwa hiyo tuvumiliane kwa kalamu.

Bahasha ya barua thelathini na nne za kuomba kazi imefika. Uliniomba niwe meneja wa kampuni ya kubuni, ili wanafunzi wako wa somo la biashara waonje kujibiwa. Basi nimekuwa meneja kwelikweli. Kila mmoja nimemjibu kwenye karatasi zenye nembo ya karakana yangu ya viti, zile nilizokuja nazo huku begini badala ya shati la pili. Hata muhuri nimegonga. Anwani iliyochapwa juu yake isikutie hofu. Hapo hakuna hata mlango wa kubisha.

Wamenichekesha. Mmoja ameandika kuwa ujuzi wake ni “kuvumilia”. Mwingine anataka kuanzia ukurugenzi, “mengine tutaongea”. Ila karibu wote wameruka swali la fomu yako, “Sababu ya kuacha kazi au shughuli ya awali”. Waambie anayeliruka hilo ana la kuficha.

Nimemwajiri mmoja tu, yule msichana aliyepanga upya stoo ya shule akakuta majembe yaliyoandikwa kwamba yameibiwa. Nimemwambia aripoti Jumatatu, tarehe 4 Machi, saa mbili asubuhi, na vyeti vyake.

Baba yako mdogo

Tarehe 5 Machi

Shikamoo Baba Mdogo,

Nisamehe, leo sina salamu ndefu.

Msichana uliyemwajiri ameondoka. Kweli ameondoka! Jumamosi alipanda basi na begi lake. Leo bibi yake anayemlea amekuja shuleni amevaa nguo zake nzuri, akanishika mikono yote miwili. “Mwalimu, umemtoa mjukuu wangu kimaisha.”

“Amekwenda wapi, Bibi?”

“Kazini. Si wewe uliyempa barua?”

Nilikwenda kufungua daftari la mahudhurio.

Kosa ni langu. Siku niliyowaeleza darasani kwamba kampuni ni ya kubuni, yeye alikuwa hospitali, amelazwa na malaria. Aliporudi alikuta tangazo ubaoni, akaandika kama wenzake. Nami nilipogawa majibu yako, nilimsimamisha mbele. Darasa zima lilimpigia makofi, Baba Mdogo. Wao wakidhani anaigiza, yeye akidhani anapongezwa.

Simu hana. Polisi wanasema mtaa huo haumo kwenye ramani yao. Barua hii nimempa dereva wa basi. Anwani ile ya karakana yako iko wapi hasa?

Mwanao

Tarehe 7 Machi

Mwanangu,

Nimesoma nimesimama, nikasoma tena nimekaa. Salamu nitakupa nikizipata.

Anwani ni ya kweli. Nenda mji ulioandikwa kwenye barua, nyuma ya stesheni ya zamani, geti la tatu baada ya tangi la maji. Mtaa ulibadilishwa jina baada ya vita. Vita vilipoingia, nilimwachia funguo fundi wangu mkuu, tuliyemwita Mkimya kwa sababu mdomo wake haukupumzika hata ukiwa umejaa misumari. Nilimwambia, “Ngoja hapa, narudi saa sita.” Nilipofika barabarani nikakuta watu wanakimbia, nikakimbia nao mpaka nikavuka mpaka. Baada ya wiki nikaambiwa karakana imeungua naye akiwa ndani. Miaka arobaini na mmoja sijamwambia mtu, hata marehemu baba yako.

Sasa nimempeleka mtu wa pili mahali palepale, kwa saini ileile. Nenda, mwanangu. Usiwangoje polisi.

Baba yako mdogo

Tarehe 11 Machi

Shikamoo Baba Mdogo,

Keti kwanza, ndipo usome. Msichana ni mzima.

Geti la tatu nilikuta ukuta mmoja mweusi kwa moshi wa zamani, na juu yake bati jipya. Ndani, viti mpaka darini. Na yeye katikati, kalamu sikioni, anamgombeza mzee mmoja: “Babu, nani amechanganya skrubu ndefu na fupi?”

“Ni panya,” mzee akasema.

“Panya mwenye bisibisi?”

Mzee alicheka, kisha akanigeukia. “Wewe ndiye umekuja kunichukulia msaidizi? Humpati.” Akaongea saa nzima bila kumeza mate. Jina lake sikuhitaji kuuliza.

Siku ya moto alitoka kwa kupitia dirisha la nyuma. Mkono wa kushoto umebaki na vidole vitatu. Msichana, aliyefika kwa kuwauliza wazee wa stesheni, alipomkabidhi barua yako, randa ya kulainishia mbao ilimponyoka mkononi. Akaangalia muhuri, akaangalia saini, akaangalia tarehe ya mwezi uliopita. “Bosi akisema ripoti, umeripoti. Ingia.” Nilipomweleza kwamba ulikuwa mchezo wa darasani, akanikazia macho. “Saini ya mtu ni mchezo?”

Bibi ameshaongea na mjukuu wake kwa simu yangu. Ninarudi naye amalize mitihani. Nafasi yake inamngoja.

Mzee amenituma nikuulize jambo moja tu: ni saa sita ya siku gani?

Mwanao

Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Mwandiko usiucheke. Nimejaribu kumwandikia Mkimya barua ya kawaida, nimeshindwa kuvuka salamu. Mwishowe nimejaza fomu ya wanafunzi wako. Mfikishie.

Baba yako mdogo

Nafasi ninayoomba: yoyote, hata kufagia maranda ya mbao.

Umri: miaka sabini na minane.

Uzoefu: viti, miaka kumi na mmoja.

Mdhamini: msaidizi wako wa stoo, akikubali.

Sababu ya kuacha kazi ya awali: Siku ile nilirudi. Nilifika mpaka kwenye tangi la maji. Nilikuona getini na funguo mkononi, unanitazamia upande mwingine wa barabara. Ningeita tu, ungenisikia. Sikuita. Niliogopa.

Lini unaweza kuanza: Alhamisi, tarehe 21. Saa sita.

Saini: ileile.