Raba Nilizokushinda Nazo

Mpendwa dada Neema,

Shikamoo. Huku Kinyangiri tu wazima. Mama anakusalimu, na kila siku ananiuliza kwa nini tangu mchujo hupokei simu. Mimi najua kwa nini. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka tulivyoanza? Nilikuwa darasa la tatu, nakukimbiza mpaka shuleni, na ukifika kileleni mwa kilima unasimama kuningoja. "Pumua taratibu, mdogo wangu," ulikuwa unaniambia. Miaka yote hiyo sikuwahi kukupita, hadi siku ile ya mchujo wa mkoa: kilometa kumi, na nafasi ya kwenda taifa ni moja tu.

Wiki moja kabla, mfadhili alikuwa amenipa zile raba za soli nene, zenye bamba la kaboni ndani. Wewe ulivaa zako za siku zote, visigino vimelika. Kwenye kilometa ya nane nilihisi kama barabara yenyewe inanisukuma. Nikakupita. Pale mwisho ulinipa mkono, ukatazama miguu yangu. Kesho yake ukapanda basi kurudi kwako Shelui.

Msimamizi wa mbio alizipima zile soli akasema hazijazidi kipimo. Sheria sikuvunja, dada. Lakini watu wananipongeza njiani nami naangalia chini.

Jumatatu nilikwenda Mwankoko kwa kocha wetu. Nikamwomba anipime upya kwenye barabara ileile, nikiwa na raba zangu za zamani. Nilikimbia mpaka nikatapika. Akatazama saa yake.

"Niambie tu, kocha."

"Kwa muda huu, Neema angekuacha."

"Basi nafasi ni yake."

"Sheria haisemi hivyo. Unataka kuitupa bahati yako, Rehema?"

Nikamjibu kwamba sitaki kuitupa, nataka kujua kama ni yangu. Alikasirika, akaondoka bila kuniaga. Nilirudi nyumbani nikiamini nimeharibu kila kitu.

Juzi akapiga simu. Amezungumza na mfadhili, ipo jozi ya pili kama yangu, saizi yako. Viongozi wa mkoa nao wamekubali turudie Jumamosi, saa moja asubuhi, mimi na wewe tu.

Naogopa, dada. Naogopa utanishinda, nibaki hapa nikipura alizeti huku wewe ukienda taifa. Naogopa zaidi kwamba hutakuja, niende mimi, na kila watakaponiita bingwa nijiulize wanamwita nani.

Mama hajui chochote. Anadhani tumegombana, na sijui nimwambie nini.

Njoo, dada. Usije kwa kunihurumia. Njoo ukimbie kwa nguvu zako zote, maana nami sitakuachia hata hatua moja.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja,
Rehema