Mkalimani Nyumbani kwa Mzee Qin

Jumanne, 12 Novemba
Meli imejaa. Wageni wanaupiga picha mto Yangtze kama vile maji yatakwisha kesho. Meneja Bai kaniita ofisini: kuna kituo kipya, Liushuping. "Kijiji halisi, Dada Qin! Hakijaguswa!"
Liushuping kiliguswa, tena sana. Bwawa lilipojazwa, kijiji kizima kilihamishiwa mlimani. Cha zamani kiko chini ya maji, tunapita juu yake kila wiki. Nyumba mpya zina vigae vyeupe kama vya choo cha stesheni. Nimezaliwa huko.
Mwenyeji wa wageni: mkulima wa machungwa, kafiwa na mkewe, mcheshi. Qin Zhaofu.
"Jina kama lako," Meneja akasema.
"Kina Qin ni wengi."
Ni baba yangu. Hajasema nami tangu niachane na mume wangu. Mcheshi! Sijui walimuuliza nani.

Alhamisi, 14 Novemba
Nimemwomba Zuo, mkalimani wa Wajapani, tubadilishane zamu. "Dada, Kiingereza changu kinaishia kwenye bei ya bia," akasema.
Basi.

Jumamosi, 16 Novemba
Baba alikuwa mlangoni, kofia mpya kichwani. Akanitazama kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.
"Waambie wavue viatu, nimedeki."
Nikatafsiri: karibuni sana, jisikieni nyumbani. Wakaingia na viatu vyao vyote. Baba akakunja uso. Mama mmoja wa Kanada akaninong'oneza kuwa mzee ana uso wa hekima.
Chai, machungwa, nyama ya moshi. Picha ya marehemu mama ukutani — nilikuwa sijaiona. Nikaipa mgongo. Mama wa Kanada akauliza nani humpikia mzee.
"Mwenyewe. Niliyemsomesha yuko melini, anawapikia Wazungu maneno."
"Anasema anapenda sana kupika."
Wakapiga makofi. Baba akashtuka, kisha akainamisha kichwa kushukuru.

Jumatano, 20 Novemba
Wageni wamelalamikia televisheni ya baba. Kubwa mno kwa kijiji halisi. Meneja anataka nimwambie aifunike. Nimwambie kwa mdomo gani?

Jumamosi, 23 Novemba
Televisheni imefunikwa shuka. Meneja alimpigia mwenyewe. Sasa inaonekana kama maiti.
Mzee mmoja wa Kiholanzi aliuliza kama michungwa inataka mbolea nyingi. Nikamfikishia baba. Baba akamkazia macho yule Mholanzi.
"Muulize, kwao mtoto wa kike akiachika, hata mazishi ya mama yake haji?"
Nikamwambia Mholanzi: anauliza kwenu mnatumia mbolea gani. Akaeleza kwa kirefu, kwa mikono yote miwili. Samadi ya ng'ombe. Nikamgeukia baba.
"Anasema huyo mtoto alikuwa ameshakata tiketi ya treni. Kaka yake akampigia: Baba amesema usikanyage huku."
Mholanzi bado yuko kwenye ng'ombe.
"Mwambie," baba akasema, sauti imeshuka, "huyo baba hakumtuma mtu aseme hivyo. Aliwazuia wabeba jeneza mlangoni mpaka jua likapanda, wakati jeneza hutakiwa kutoka alfajiri. Anamsubiri. Watu wote wanamwangalia."
Mholanzi akataka kujua mzee kasema nini.
"Anasema samadi ni nzuri."
Nilitoka nje kidogo. Vumbi, nikawaambia. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi.

Jumapili, 24 Novemba
Nimempigia kaka Changgui. Kwanza akacheka. Kisha: "Mdogo wangu, ya zamani hayo. Watu wangesema maneno pale msibani, nilikuwa nakulinda." Nikamuuliza, kunilinda na nani? Akasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, nilimsikia akitafuna mbegu za alizeti.

Jumanne, 26 Novemba
Kituo kinafutwa! Wageni wameandika kwamba Liushuping haina ukale wa kutosha. Jumamosi ndiyo mwisho. Meneja kasema, "Pole, ulikuwa umeanza kukizoea." Nikasema kazi ni kazi.

Jumamosi, 30 Novemba
Ukungu. Bibi mmoja wa Australia aliuliza mzee ana watoto wangapi. Nikatafsiri neno kwa neno. Baba akamenya chungwa zima kabla ya kujibu.
"Wawili. Wa kiume mwongo, nimeshampigia simu nimemwambia. Wa kike..."
Honi ya meli. Wageni wakainuka wote pamoja, wakaanza kukusanya miavuli. Nami nikainuka.
"Waambie watangulie," baba akasema. "Ngazi ni hizo hizo mpaka gatini, hata mbuzi hapotei."
Nikawaambia. Wakashuka wakipunga mikono. Bibi wa Australia akamkumbatia baba, baba akasimama wima kama nguzo mpaka akamwachia.
Tumebaki wawili. Akaingia jikoni bila neno. Nimekaa mezani, naandika ili mikono iwe na kazi. Nasikia mafuta yanachemka, pilipili inanikereketa koo. Honi tena. Simu inatetemeka: Meneja. Huko chini wanahesabu watu, mmoja hayupo.
Baba katokeza mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Nikageuka nyuma kuona anamtazama nani. Hakuna mtu.
"Wewe," kasema, "bado hutaki giligilani kwenye tambi?"
Simu inalia tena. Sijamjibu yeyote.