Kufuli Uliloliacha kwenye Sauti ya Bibi

Mwalimu,

Shikamoo itangoja. Kwanza dai langu, nami nitalitetea: ulitusaliti. Hukutusaliti kwa kutumia programu iliyofungwa, yaani mali ya kampuni isiyotumika ila kwa ruhusa yake, maana hata mimi ninazo ninazozitumia. Ulitusaliti kwa kutuambia kwamba haimo.

Baada ya kukuzika kule Kerenge, nilikabidhiwa ufunguo wa chumba chetu cha kompyuta hapa Korogwe. Kompyuta yako ilikuwa imechoka. Nikanakili video zote pembeni, nikaifuta, nikaweka upya mfumo huria, ule wa kuendeshea kompyuta usiomilikiwa na kampuni, kama ulivyotufundisha, kwa fahari ya mwanafunzi aliyehakikishiwa kwamba hakuna kitakachopotea. Kisha nikafungua video uliyomrekodi bibi yangu kule Handeni, akiimba nyimbo za Kizigua za kubembelezea watoto. Kioo kikabaki cheusi. Nikatakiwa kuweka programu-jalizi, kiprogramu cha kuchomeka ndani ya nyingine ili video zicheze, mali ya kampuni ambayo ilikwisha kuitelekeza na haiitoi tena.

Kumbe ilikuwamo. Miaka yote. Uliichomeka kimyakimya, ukahifadhi kumbukumbu zetu katika muundo unaosomwa na hiyo peke yake, kisha ukasimama Mombo mbele ya walimu wenzako ukasema, "Humu hamna kitu chenye kufuli." Nilikupigia makofi. Chuoni nimebishana kwa sentensi hiyo na watu waliosema haiwezekani, nikawaita waoga.

Bibi amepata kiharusi, hasemi tena. Mama ameniomba nimsikilizishe Bibi sauti yake mwenyewe. Nimjibu nini? Kwamba niliyefuta ni mimi, kwa sababu nilikuamini?

Ulizoea kunitania: "Wewe Mzigua, hata Munkari na Nakiri, malaika wa kuhoji kaburini, utabishana nao." Tulicheka. Ungeniambia tu, "Kijana wangu, bila hii video hazichezi, nimeshindwa." Ningekubishia siku mbili, kisha ningekuelewa.

Makaburini ndugu yako aliuliza kama yupo mwenye dai juu yako. Tuliitika sote kwamba tumekusamehe. Neno langu nimeliondoa, kwa sasa.

Pumzika, Mwalimu. Naahidi nitatafuta namna ya kuzifungua video hizo, na zikifunguka kila nyumba itapata nakala isiyohitaji ruhusa ya mtu. Barua hii nimeibandika mlangoni pa darasa. Wewe huwezi kujibu. Basi kama yupo aliyekaa nawe kwenye kompyuta ile akajua, asimame mbele ya wanafunzi wako aeleze kwa nini tulifichwa. Asinivute pembeni. Aseme hapa, wote wasikie.