Bibi Aliyesahau Neno la Siri

Sebuleni kwa Kaka,
Jumatano, 14 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na baridi ya huko, bado inakulaza na soksi mbili? Sisi huku wazima wa mwili. Mimi roho ndiyo inafuka moshi, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Ile kazi ya kampuni ya fedha nimeikosa. Nasema mapema usije ukasoma roho juu mpaka chini.

Usaili wenyewe juzi ulianza vizuri mno. Walinipa kompyuta isiyowaka, nikaiwasha. Printa iliyogoma ikatii. Mkuu wa kitengo akaanza kunitazama kama mtu wa nyumbani. Miaka minane ya kuhangaika na mashine za watu si mchezo.

Kisha wakanifungia kwenye kichumba cha vioo, simu ikalia. Jaribio la mwisho: mteja kasahau neno la siri, nimsaidie. Kanuni ilibandikwa mbele ya pua yangu: kwanza muulize tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho na jina la mama yake mzazi.

Ikaja sauti ya bibi kizee, na kikohozi juu. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamuuliza alizaliwa lini.

"Mwanangu, hata mama yako unamuuliza hivyo? Unanihoji kama mwizi?"

Shangazi, aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nimhoji mama mzima umri wake, halafu nimdai jina la mama yake ambaye huenda ni marehemu? Nikamwomba radhi, nikamfungulia akaunti.

Mlango ukafunguliwa. Bibi kizee alikuwa karani wa mapokezi, msichana wa juzi tu, anacheka mpaka machozi. Mkuu wa kitengo hakucheka.

"Umempa mwizi funguo," akasema, "tena kwa heshima zote."

Hasira hizi sijui nizipeleke wapi. Nawalaumu wao kwa kunitegea adabu, na wewe pia nakulaumu kidogo, maana nani alinifunza kwamba mkubwa hahojiwi? Kinachoniuma zaidi ni kwamba wana haki. Angekuwa mwizi kweli, ningemwachia akiba ya mtu.

Sasa hili ndilo linanikaba. Unajua mke wangu na mtoto wapo kwao tangu ofisi yetu ifungwe, na baba mkwe alishasema hawarudi mpaka nipate kazi. Jana mke wangu alipiga simu kuuliza. Nikamwambia wamenichukua. Sijui nilifikiri nini, mdomo ulitangulia.

Leo asubuhi kanitumia picha. Mabegi yamefungwa, yako mlangoni, na mtoto kakaa juu ya moja, kavaa viatu tayari.

Wewe anakusikiliza. Barua hii naipiga picha niitume sasa hivi, maana kwa sauti siwezi. Nakuomba umpigie umwambie ukweli kabla hawajatoka.

Wasalimie mumeo na mapacha. Mola akuzidishie afya, na subira ya kunilea hata nikiwa na ndevu.

Mwanao asiyeacha kukupenda,
Fundi Waya